Nane ya Kupanda, Nane ya Kushuka

Kitu cha kwanza alichokiona Inspekta kilikuwa kiraka.

Karatasi ya shabaha ilikuwa imetandazwa mezani, kona zake zimekandamizwa kwa vikombe vya chai. Katikati palikuwa na duara jeusi, pana kama sinia. Juu kidogo ya kitovu cha duara hilo mtu alikuwa amebandika viraka vitatu vya karatasi, vimepandiana, vyeupe pepepe. Duara zima lilifanana na jicho lenye mtoto wa jicho, linatazama dari wala halioni.

"Kwa nini vyeupe?" aliuliza.

Konstebo alikuwa akihangaika na kikombe chake, hana pa kukiweka. "Afande?"

"Duara ni jeusi. Kiraka cheupe kinamchanganya mpigaji, anaona tundu pasipo na tundu. Ndiyo maana kuna viraka vyeusi."

"Labda viliisha."

Inspekta hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Kituoni walimwita Mama Kimya, alijua, na hakuwahi kumkasirikia mtu kwa hilo. Alilivuta sanduku la vitu vya marehemu, akavitoa kimoja kimoja: leso, funguo, miwani iliyopasuka kioo kimoja, na kibahasha cha nailoni kilichotolewa kwenye mfuko wa shati. Ndani ya kibahasha kulikuwa na viraka vyeusi, bunda zima, vimegandana pembeni kwa damu.

"Havikuisha," alisema.

Marehemu alikuwa Kocha wa klabu ya kulenga shabaha. Alikutwa chini ndani ya handaki, nyuma ya tuta la udongo, na tundu la risasi kifuani. Handaki hilo ndimo anamokaa mtu wa kubadilisha karatasi na kubandika viraka. Mle ndani risasi haimfikii. Anayesimama juu ya tuta ndiye anayefikiwa. Asubuhi hiyo aliyekuwa akipiga ni binti yake, peke yake, kutoka mstari wa mita mia. Alipiga risasi tatu. Maabara ilisema iliyomuua Kocha imetoka kwenye bunduki ya binti, si nyingine. Mkubwa wa kituo alishaandika neno moja juu ya faili: uzembe. Binti hakuhakikisha kilengeo, risasi ikaruka juu, baba alikuwa amesimama tutani, basi. Kilichobaki ni sahihi ya binti, na Mkubwa aliitaka kabla ya jioni.

Hakuna aliyesema atafungwa. Ila asingeshika bunduki tena maisha yake yote, na popote atakapopita watu wangenong'ona, yule ndiye aliyemuua babake.

"Chemsha maji," Inspekta alisema.

"Chai nyingine, afande?"

"Mvuke."

Birika lilipoanza kupiga mluzi, aliishika karatasi juu ya mdomo wa birika mpaka gundi ikalegea, kisha akavibandua viraka kwa ncha ya wembe. Chini yake palikuwa na matundu. Yalikuwa matatu, yamekaribiana kama mafiga. Aliweka mkono wake kutoka kwenye kitovu kwenda juu. Vidole vinne.

Konstebo alihesabu, akahesabu tena, kama vile matundu yangeweza kupungua. "Si alipiga tatu? Zote ziko hapa."

"Zote."

"Basi iliyomuua ni ya nne. Na tuliokota maganda matatu tu."

"Na aliyebandika viraka hivi alikuwa handakini baada ya risasi ya tatu. Hakuwa na vyeusi. Vyeusi vilikuwa mfukoni mwa Kocha, na Kocha alikuwa amelala hapo hapo miguuni pake. Hakutaka kumgusa."

Bunduki ya binti ilisimama pembeni mwa kabati, na kitambaa kimefungwa juu ya kilengeo chake cha nyuma. Konstebo ndiye aliyekifunga. Alisema lile tundu linamtazama akiwa anaandika.

"Maiti habandiki viraka," alisema kwa sauti ndogo.

"Habandiki."

"Lakini binti anaweza. Anamuua kwanza, anaficha ganda, anapiga tatu za kuzugia, anakwenda kubandika, ndipo anapiga kelele."

"Anaweza," Inspekta alikubali. Akakifungua kitambaa kwenye ile bunduki. "Chukua gari. Twende kwa fundi."

*

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kirefu kinachonuka mafuta, nyuma ya stoo ya silaha ya klabu. Yeye mwenyewe alikuwa bonge la mtu, anapumua kwa mdomo, na vidole vyake vinene vilishika vitu vidogo kama mkunga anavyoshika mtoto.

"Pole na msiba," Inspekta alimwambia.

"Tumeshapoa, mama. Karibu. Huyu kijana wako asiguse kitu, naona macho yake yanagusa tayari."

Konstebo aliweka mikono mfukoni.

"Nieleze bunduki hii kama unamweleza mtoto," Inspekta alisema.

Fundi aliilaza juu ya mfuko wa mchanga. "Haina darubini. Ni chuma na chuma. Mbele kuna pete hii. Nyuma kuna kibati hiki chenye tundu. Nyuma ya tundu kuna jicho lako. Vitatu hivyo vikae mstari mmoja na shabaha. Unapiga tatu, unaangalia zimeangukia wapi. Zimeanguka chini, unazungusha skrubu, kibati kinapanda, na risasi inapanda. Unapiga tena. Mpaka jicho na chuma vielewane. Sisi tunaita kuoanisha. Vikishaoana, unapata namba yako kwenye skrubu. Ya binti ni nane."

"Mtu mwingine akiipiga kwa nane?"

"Itampeleka kwingine. Jicho si lile, shavu si lile." Alicheka, tumbo likatikisika. "Bunduki ni kama mke wa mtu, mama. Ukimwita ataitika, lakini si kama anavyomwitikia mwenyewe."

"Jioni ya kabla ya kifo ilikuwa imeoana?"

Fundi alinyoosha kidole. Ukutani, chini ya saa iliyosimama, kulikuwa na karatasi ya shabaha iliyobandikwa kwa pini. Matundu yote yalikuwa kitovuni. "Kocha aliibandika mwenyewe jioni ile. Alivyojivunia mwanawe huyo! Akipiga vizuri, baba alikuwa akitikisa kibao kule handakini. Kile cha kuonyeshea risasi imeangukia wapi. Anakitikisa mara mbili. Tulimtania: wewe mzee, unampungia mwanao au mchumba?"

Akafuta pua kwa kiwiko.

Inspekta akatandaza karatasi yake chini ya ile ya ukutani. "Jioni, kitovuni. Asubuhi, vidole vinne juu. Na skrubu ilikutwa kwenye nane."

"Nane ile ile?"

"Haijaguswa tangu siku ile. Tuliifunga kitambaa."

Fundi aliinama. Alichungulia namba, kisha akagusa kibati kwa ukucha, taratibu sana, na kikacheza, kikashuka kidogo.

"Hapa kuna mchezo," alisema.

Inspekta aliinua kichwa. "Nani kacheza?"

"Sisemi mchezo wa watu, mama. Mchezo wa chuma. Skrubu hii imelika. Ukiizungusha, mwanzoni inazunguka bure, kibati hakijasogea. Tazama." Aliishusha namba hadi sita, akaipandisha hadi nane. "Hii ni nane ya kupanda. Kibati kiko hapa." Kisha akaipeleka mpaka kumi na mbili, akairudisha. "Hii ni nane ya kushuka. Namba ile ile. Lakini kibati kimebaki nyuma, bado kiko juu. Unaona?"

"Kwenye shabaha ni kiasi gani?"

Fundi aliinua vidole vinne.

Upepo ulipita chini ya mlango na karatasi ya ukutani ikapumua kwenye pini zake. Konstebo aliigeukia upesi, kisha akajifanya hakuigeukia.

"Binti anaujua mchezo huu?"

"Amekua nao. Kocha alimwimbia tangu mdogo: shuka chini ya namba, kisha panda. Nane ya kupanda, nane ya kupanda. Nilitaka kubadilisha skrubu, akanikatalia. Eti chuma chenye mchezo kinamfundisha mtoto adabu."

"Kwa hiyo kati ya jioni na asubuhi mtu aliipandisha juu ya nane, kisha akairudisha moja kwa moja. Kuna sababu gani ya kuipandisha?"

"Moja tu. Umekwenda mbali. Mstari wa mita mia tatu, pale penye nyasi ndefu. Kule ni kumi na mbili."

"Lakini jicho lake si la binti. Angempataje mtu?"

"Mpigaji hodari hahitaji kitovu, mama." Fundi alikuwa akifuta mikono yake, ingawa ilishakuwa safi. "Kifua cha mtu mzima ni kikubwa."

"Stoo ina funguo ngapi?"

"Kocha. Mimi. Na ndugu yake Kocha, Tundu Moja."

"Kwa nini Tundu Moja?"

"Akipiga tano, zote zinaingia tundu moja. Hapa hakuna kama yeye. Yaani hakukuwa, mpaka mtoto alipokua." Alisita. "Nafasi ya kwenda kwenye mashindano makubwa ni moja. Kocha aliitangaza mbele yetu sote, akampa binti. Tundu Moja alipiga makofi."

"Na bunduki yake?"

"Mpya kabisa. Haina mchezo hata kidogo. Hata mimi sijawahi kuifungua."

"Asubuhi ile wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu. Redio imewashwa, sikusikia risasi ya kwanza wala ya mwisho." Akamtazama usoni. "Niandike tu, mama. Najua inavyosikika."

Inspekta akamwandika.

*

Nyumba ya Kocha ilikuwa kimya, na viatu vya waliokuja kufariji vilishapungua mlangoni. Mjane alikuwa amelala chumbani, uso ukutani. Kando ya kitanda palikuwa na sahani iliyofunikwa, na juu yake nyingine iliyofunikwa pia, maana ile ya asubuhi haikuguswa na ya mchana ikawekwa juu. Binti alikuwa amekaa kizingitini mwa chumba hicho. Hakuwa ndani wala nje.

Sebuleni alikaa Tundu Moja. Alikuwa mwembamba, msafi, ana sauti ya upole. Mbele yake palikuwa na maelezo yaliyopigwa chapa kituoni, na kalamu juu yake.

"Karibu, afande. Tulikuwa tunamalizia. Mwanangu, njoo. Tia sahihi yaishe. Kukiri si kufa. Mimi nipo, nitasimama na wewe kila mahali."

Binti aliinuka.

"Kaa kwanza," Inspekta alimwambia, naye akakaa sakafuni karibu naye, magoti yakielekeana. "Stoo alifungua nani siku ile?"

"Niliikuta wazi. Baba huifungua alfajiri, kisha anatangulia handakini."

"Ulimwona?"

"Hapana. Niliona bendera ya kijani. Nikajua yuko tayari."

"Ulisikia risasi ulipokuwa njiani?"

"Moja. Nilidhani baba anajaribu bunduki ya mtu."

"Namba kwenye kilengeo?"

"Nane. Jioni niliiacha nane, na asubuhi nikaikuta nane. Sikuigusa. Ningeshuka tu nikapanda. Baba alisema kila siku, hata kama unaiamini. Ningeshuka nikapanda, baba angekuwepo."

"Baada ya risasi ya tatu?"

"Nikasubiri."

"Ulisubiri nini?"

Binti alifungua mdomo. Alitazama viganja vyake, kisha akaufunga.

"Afande," alisema Tundu Moja kwa upole ule ule, "mtoto amechoka. Ameulizwa na kila mtu. Mwacheni apumzike."

"Mtapumzika wote. Kwanza naomba tufike uwanjani, ninyi wawili na Fundi. Kila aliyekuwa na njia ya kuishika bunduki hii. Sahihi itasubiri."

"Kwa nini uwanjani?"

"Nataka kuifunga kesi mahali ilipoanzia."

Walipokuwa wakivaa viatu, sauti ilitoka chumbani. Mjane hakugeuka. Alikuwa akisema na ukuta.

"Afande. Ukirudi uniambie kitu kimoja tu. Nimlilie mmoja, au wawili?"

Binti alisimama na kiatu kimoja mguuni. Kisha akavaa cha pili.

*

Ukungu ulikuwa haujaondoka uwanjani ingawa siku ilishakuwa mchana. Ulikuwa umelala kwenye mita mia tatu, juu ya nyasi ndefu, na ulisogea taratibu kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Tuta lilionekana jeusi kule mwisho. Konstebo alishatangulia handakini na karatasi ile ile ya mafiga matatu. Alikuwa ameambiwa akae chini kabisa, azungumze kwa simu, na risasi ikipita ainue kibao kama taratibu inavyotaka. Aliuliza mara mbili kama ni lazima awe kule peke yake.

Inspekta aliilaza bunduki juu ya mkeka wa mstari wa mita mia. Ilikuwa tupu, risasi pekee ilikuwa mfukoni mwake.

"Itapigwa na binti, kwa sababu imeoana na jicho lake," alisema. "Lakini kwanza kila mmoja aiweke tayari kwa ajili yake. Nimeiacha kwenye kumi na mbili. Wekeni nane."

Tundu Moja alitabasamu. "Huu ni mtihani wa hesabu?"

"Wa darasa la kwanza. Binti, anza."

Binti alipiga goti. Vidole vyake vilifanya kazi bila yeye: vikashusha skrubu, vikaipita nane, vikafika sita, vikasimama, vikapanda. Tik, tik. Nane. Inspekta akairudisha kumi na mbili.

Fundi aliinama kwa taabu. Aliishusha moja kwa moja hadi nane, kisha akaweka dole gumba juu ya kibati na kukikandamiza mpaka kikashuka. "Mimi nina njia yangu," alinung'unika. "Dole hili limeshauzoea ugonjwa wake."

Kumi na mbili tena.

Tundu Moja hakupiga goti. Aliiinua bunduki kama mtu anayeinua kalamu. Alizungusha mara moja, kwa mkono mwepesi, mzuri kutazama: kumi na mbili, kumi na moja, kumi, tisa, nane. Akasimama hapo hapo. Akaigeuza ili Inspekta asome namba.

"Nane," alisema.

Fundi aligeuka akatazama nyasi. Binti alikuwa ameganda, macho yake kwenye vidole vya baba yake mdogo.

"Iache hivyo hivyo," Inspekta alisema, akaitwaa kwa mikono miwili asije akaigusa skrubu. "Binti. Lala."

"Siwezi."

"Risasi moja tu."

"Kule kuna mtu!"

"Yuko chini ya tuta, amejikunja kama mdudu. Mimi mwenyewe nimempima, hata kofia haionekani. Lenga kitovu, kama siku ile. Usisahihishe kitu."

Alilala. Ilimchukua muda mrefu kuweka shavu mahali pake. Kipande cha mbao pale shavu linapokaa kilikuwa kimelainika na kung'aa, na pumzi yake iliacha ukungu juu yake, ukafutika, ukaja tena. Kisha pumzi ikasimama.

Mlio ulikwenda mpaka kwenye nyasi ndefu na kurudi.

Inspekta alishika simu sikioni. Kule mwisho Konstebo alikuwa akihema.

"Afande, sioni kitu. Amekosa. Hakuna tundu jipya kabisa."

"Tazama yale matatu."

Karatasi ilikwaruza.

"Mungu wangu. Imepita humo humo katikati. Yote yameungana." Sauti ya Konstebo ilitoka kwenye simu ikiwa nyembamba lakini safi, na wote waliokuwa mkekani waliisikia. "Sasa ni tundu moja."

Hakuna aliyecheka. Fundi alisogea hatua moja, taratibu, akasimama kati ya yule mwembamba na njia ya kutokea.

Inspekta alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa stoo."

"Kwa lipi? Kwa skrubu mbovu?" Tundu Moja alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni kama taa ya mchana. "Mtu yeyote anaweza kuishusha hivyo."

"Yeyote asiyeijua. Fundi anaijua. Binti anaijua. Hawa wawili hawawezi kuifanya vibaya hata wakitaka, umewaona. Aliyeipeleka kumi na mbili ni mtu mwenye bunduki mpya, aliyezoea kwamba namba ikisema nane, ni nane. Uliirudisha stoo kabla binti hajafika, ukapita kwenye mtaro wa pembeni mwa uwanja mpaka handakini, ukaziba matundu yake matatu kwa viraka vyeupe ili tusiyahesabu. Vyeusi ungevitoa wapi? Vilikuwa vimelaliwa."

"Maneno. Wakati kaka anakufa nilikuwa kitandani. Mtoto huyu alikuwa peke yake uwanjani, dunia nzima inajua. Mwulize mwenyewe! Mwanangu, mwambie afande. Ulimwona mtu mwingine? Ulimwona yeyote?"

Binti alikuwa bado amelala kifudifudi kwenye mkeka. Alikuwa anatazama mbele, kupitia ukungu.

Kule tutani, Konstebo alikuwa amekumbuka taratibu. Kibao chekundu kilipanda juu ya udongo mweusi, kikasimama hewani kwenye mti wake, bila mtu, na upepo ukakitikisa.

Binti aliinuka akapiga magoti. Mkono mmoja ulikuwa kifuani, kama mtu aliyebanwa.

"Kilipanda," alisema.

Inspekta aligeuka. "Nini kilipanda?"

"Siku ile. Baada ya risasi ya tatu. Hapakuwa na nyingine baada ya hiyo, na kibao kilipanda, kikatikisika mara mbili, nami nikabaki mkekani nikisubiri. Daktari alituambia baba alikufa papo hapo. Nikajua nimemuua, na kwamba alipokwisha kufa alinipungia." Alikuwa akizungumza polepole, kila neno likitoka kama linang'olewa. "Sikumwambia mtu. Hata mama. Niliogopa mtaniambia si kweli. Kila nikilala ninakilalia hicho. Nilisema, angalau alinisamehe."

Alimtazama baba yake mdogo. Hakupaza sauti.

"Ni wewe uliyenipungia."